Maunti ya injini ya ndege ya modeli: mbao, nailoni, alumini au mpira?

Maunti ni kile kishikizo kinachoifunga injini kwenye ndege. Ukiuliza ipi ni imara kuliko zote, utaambiwa alumini. Jibu ni sahihi, ila halikusaidii kuchagua. Injini ya modeli ya 7.5 cc, ile inayoandikwa .46 kwa inchi za ujazo, ina uzito wa karibu nusu kilo pamoja na sailensa yake, na hata nailoni huubeba uzito huo bila kulalamika. Kinachozitofautisha maunti ni mtetemo: unapokelewa vipi, unapelekwa wapi, na ni sehemu gani ya ndege itakayoumia.

Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 200 kila sekunde. Silinda ni moja, kwa hiyo hakuna pistoni nyingine ya kusawazisha msukumo wake. Uzani unaowekwa kwenye krenki hupunguza tu sehemu yake. Kinachobaki lazima kiende mahali. Kikifika kwenye tangi, mafuta hutoka povu, injini hunyonya viputo na kuanza kukosa mafuta ikiwa hewani. Kikifika kwenye servo, ile mota ndogo inayosogeza usukani, meno yake hulika. Kikikuta ukuta wa mbele, yaani ubao wa puani unaobeba maunti, umeungwa kwa gundi kidogo, siku moja injini itaondoka na ukuta wake.

Kwa hiyo nitazilinganisha kwa mtetemo kwanza, kisha kwa urahisi wa kurekebisha, halafu uzito. Bei naiacha, kwa sababu tofauti ya bei kati ya maunti mbili ni ndogo sana ukiilinganisha na ndege iliyoanguka.

Masikio au mgongo

Kabla ya kuchagua nailoni au alumini, igeuze injini uone inashikwa wapi. Injini nyingi za glo (zinazotumia methanoli na plagi yenye waya unaobaki moto) na za dizeli zina masikio mawili bapa, moja kila upande wa bodi, kila moja likiwa na matundu mawili. Hizi zinataka mikono miwili ya kukalia: ama mbao mbili zilizojengwa ndani ya pua ya ndege, ama maunti yenye mikono iliyofungwa kwenye ukuta wa mbele.

Nyingine hushikwa kwa mgongo. Ziko injini ndogo za aina ya Cox .049, takriban 0.8 cc, ambazo nyingi hupigwa skrubu moja kwa moja kwenye plaiwudi. Ziko pia injini kubwa za petroli, za 20 cc kwenda juu, ambazo nyingi husimama juu ya nguzo nne za alumini. Mota za umeme nazo ni za mgongo. Kama yako ni ya kundi hili, huna mikono ya kuchagua. Soma sehemu ya ukuta na ya pembe, hizo ndizo zitakazokufaa.

Mbao ndani ya pua, au nailoni juu ya ukuta

Huu ndio ulinganisho ambao wengi hawaufanyi tena, kwa kuwa siku hizi karibu kila ndege ya redio huja na ukuta wa mbele na maunti ya nailoni. Lakini mbao hazikuachwa kwa kuwa ni mbaya. Ziliachwa kwa kuwa ni kazi ndefu.

Mpangilio wake ni vipande viwili vya mbao ngumu, vyenye upana na kimo cha kama 10 mm kwa injini ya 2.5 cc na 12 mm kwa injini ya 6.5 cc, vinavyolala sambamba kutoka puani na kuingia ndani ya mwili wa ndege. Vinagundishwa kwa epoksi kwenye fremu ya kwanza na ya pili, na vikifika hadi karibu na ukingo wa mbele wa bawa ni bora zaidi. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mtetemo haukutani na ukuta mmoja. Unagawanywa kwenye urefu wote wa mbao, na mbao yenyewe humeza sehemu yake. Ndiyo maana ndege za kuongozwa kwa nyaya, zile zinazozunguka duara kumzunguka rubani wake, zimebaki na mbao hata sasa. Ubavu mwembamba wa ndege hizo hauna nafasi ya ukuta wa maana, na mbao ndefu ndiyo inayoupa uti wa mgongo.

Ubaya wake ni huu. Upana kati ya mbao mbili unatokana na bodi ya injini moja. Ukibadilisha injini, ama unachonga mbao, ama unajaza, na kazi zote mbili hufanyika ndani ya pua iliyokwisha kufungwa. Pembe ya injini nayo unaamua siku ya kujenga. Baadaye unaweza kuinamisha kidogo kwa kuweka vipande vyembamba chini ya masikio, lakini kuipeleka kulia au kushoto ni shida. Halafu yapo mafuta. Mbao ikinywa mafuta ya kasta (mbarika) inakuwa laini, na mbao laini husinyaa chini ya masikio kila unapokaza. Unakaza tena, inasinyaa tena. Dawa yake ni ya mapema: paka epoksi iliyolainishwa kila mahali, hata ndani ya matundu, na weka kipande cha alumini cha 1.5 mm kati ya sikio na mbao ili mgandamizo usambae.

Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo inashinda kwa urahisi. Unaifunga kwa bolti nne kwenye ukuta, unatoboa mikono kwa nafasi ya injini yako, basi. Injini ikibadilika, unatupa maunti na kuweka nyingine. Ndege ikianguka kwa pua, mara nyingi mkono wa nailoni huvunjika kabla ya ukuta, na hilo ni jambo jema: afadhali kuvunja kitu cha dakika kumi kuliko kitu cha wiki mbili.

Nailoni ina tabia moja ambayo inabidi uizoee. Chini ya mgandamizo na joto husogea taratibu, hivyo skrubu ulizokaza vizuri mezani hulegea baada ya injini kupata moto mara ya kwanza. Zikaze tena injini ikishapoa, kisha zikague kabla ya kila siku ya kuruka. Usitegemee gundi ya hesi hapa. Gundi zile hukauka zinapokutana na chuma pasipo hewa. Ndani ya hesi ya nailoni hubaki majimaji, na baadhi yake huharibu plastiki.

Uamuzi wangu ni huu: ndege ya redio ya mafunzo au ya kila siku yenye injini ya .25 hadi .60, nailoni. Ndege ya nyaya, ndege ya mtindo wa zamani unayotaka ibaki kama ilivyochorwa, au ndege ambayo unajua haitabadilishiwa injini, mbao. Sioni sababu ya kuchanganya mambo hayo mawili, ingawa nimeona watu wakifunga maunti ya nailoni kwenye ubavu wa balsa, ile mbao nyepesi sana, na kushangaa kwa nini inacheza.

Nailoni au alumini

Ukishafika kwenye maunti ya ukutani, wengi huganda hapa. Alumini ina msongamano wa 2.7, nailoni yenye nyuzi za kioo kama 1.4. Kwa umbo lilelile, basi, alumini ni karibu mara mbili kwa uzito. Uzito huo uko mbele kabisa ya ndege, mahali ambapo kila gramu ina sauti. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka: ndege yenye pua fupi mara nyingi huhitaji uzito wa madini ya risasi puani, na ni afadhali uzito huo uwe maunti kuliko kipande cha risasi kisichofanya kazi nyingine.

Alumini haipindi. Injini ikikaa juu yake, pembe uliyoweka asubuhi ndiyo utakayoikuta jioni, na matundu yaliyokatwa hesi kwenye chuma hukubali gundi ya hesi na kufunguliwa mara nyingi bila kulika. Pia hubeba joto kutoka kwenye bodi ya injini, jambo ambalo husaidia kidogo pale boneti, yaani kifuniko cha injini, inapobana hewa.

Lakini haimezi chochote. Mtetemo unapita moja kwa moja kwenda ukutani, na ndege ambayo ilikuwa kimya na nailoni inaweza kuanza kuimba na alumini. Propela isiyosawazishwa utaisikia kwenye fremu ya bawa. Ukiichagua alumini, sawazisha propela na kofia yake, funga sifongo kulizunguka tangi, na hakikisha ukuta ni mnene.

Kipimo changu ni nguvu ya kila mlipuko, si ukubwa wa injini peke yake. Injini ya mipigo minne hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili, hivyo pigo lake ni zito kuliko la injini ya mipigo miwili yenye nguvu inayolingana. Kwa 10 cc kwenda juu ya mipigo minne, mikono ya nailoni iliyo myembamba hucheza kwa macho injini ikiwa polepole. Hapo alumini inastahili. Kwa injini ya .40 ya kawaida, alumini ni pambo. Pambo zuri, sikatai.

Zipo pia maunti za vipande viwili, kila mkono ukiwa peke yake, ili uweze kuvisogeza kulingana na upana wa injini. Zinavutia kwa kuwa moja hutosha injini nyingi. Tahadhari yake ni kwamba hakuna kinachohakikisha mikono hiyo miwili imelala sawa. Mmoja ukiwa juu kidogo au umegeuka, ukikaza skrubu unaikunja bodi ya injini yenyewe, na silinda iliyokunjwa hata kwa kiasi kisichoonekana hubana pistoni.

Kulijua hilo ni rahisi, na jaribio hili nalifanya kwa kila aina ya maunti. Weka injini juu ya mikono bila skrubu, na kipande cha karatasi nyembamba chini ya kila kona ya masikio. Vuta kimoja kimoja. Kinachotoka bila kukwama kinaonyesha pengo. Lisugue pengo hilo liishe kwa tupa, au weka kipande chembamba cha chuma. Kisha toa plagi, zungusha propela kwa mkono kabla na baada ya kukaza. Ikiwa nzito zaidi baada ya kukaza, usiwashe.

Ngumu au ya mpira

Maunti laini, yaani zile zenye mpira kati ya injini na ukuta, huonekana kama suluhisho la kila kitu nilichosema hapo juu. Kwenye ndege za mashindano ya sarakasi zimetumika sana, na kwa haki: ndege inakuwa kimya zaidi, servo na risiva (kipokezi cha redio) hupumzika, na mwili mwepesi hauchoki haraka.

Tatizo ni fizikia yake. Kila injini iliyofungwa juu ya mpira ina kasi moja ambayo mfumo mzima hupenda kuyumba. Chini ya kasi hiyo mpira hausaidii, na kwenye kasi hiyo hasa huzidisha mtetemo. Msaada huanza injini inapopita kiasi cha mara 1.4 ya kasi hiyo. Kama injini yako inayumba zaidi kwenye mizunguko 2,000, basi faida utaanza kuiona karibu 2,800, na kila unaporudi kwenye kasi ya chini kabisa unapita palepale pabaya. Kwa hiyo maunti laini iliyochaguliwa vibaya huifanya injini itikisike kama mbwa aliyetoka majini kila unapotaka kutua.

Mpira mgumu zaidi hupandisha kasi hiyo ya kuyumba. Mpira laini zaidi huishusha lakini injini inaning'inia. Zinazofanya kazi vizuri huwa na pete ya mpira mbele, karibu na propela, ili pua ya injini isipepee. Na ukienda njia hii, kila kitu kinachogusa injini lazima kikubali mwendo wake: fimbo ya kabureta iwe ya kunyumbulika, bomba la moshi liwe na kiungo cha silikoni au cha Teflon, boneti ibakishe nafasi ya milimita 3 au zaidi kuizunguka kofia ya propela.

Aina ya mpira nayo ina maana. Mpira wa asili huvimba ukiguswa na petroli. Mpira wa naitraili huvumilia petroli na mafuta. (Hapohapo nikumbushe: mrija wa silikoni ni wa methanoli, usiuweke kwenye petroli.)

Kwa ndege ya kawaida mimi siweki mpira. Sawazisha propela, imarisha ukuta, funga tangi kwenye sifongo, na utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida bila kuongeza kitu kinachochoka na kukaguliwa. Wale wanaoweka washa (pete bapa) ndogo za mpira chini ya bolti za maunti ngumu, wakidhani ni maunti laini, wanapata hasara ya pande zote: mpira umebanwa mno kiasi cha kutomeza mtetemo, na bolti hazikazi.

Kununua au kujitengenezea

Kujitengenezea kunalipa mahali pawili. Pa kwanza ni mbao, ambazo hakuna anayekuuzia zikiwa tayari kwa pua yako. Pa pili ni bapa: kipande cha alumini au cha ubao wa faibaglasi chenye mkato wa umbo la U, ambacho injini huingia katikati yake na masikio kulala juu. Bapa hili hufungwa juu ya mbao zilizokuwa za injini nyingine, na ndiyo njia safi kuliko zote ya kuingiza injini mpya kwenye pua ya zamani. Alumini ya 3 mm hutosha injini nyingi hadi .40, tumia aloi ngumu, si ile laini ya kupinda kwa mkono.

Kuchonga maunti nzima ya mikono kutoka kwenye donge la alumini, kwa mikono na tupa, sikushauri. Inawezekana, lakini pembe mraba kati ya bapa la ukutani na mikono ni ngumu kuipata bila mashine ya kusaga, na pembe hiyo ndiyo kazi nzima.

Na mashine za kuchapa vitu kwa plastiki? Kwa injini ya mafuta, hapana. Plastiki ya PLA huanza kulegea karibu nyuzi joto 60, PETG karibu 80, ABS kidogo juu ya 100, na bodi ya injini ya glo hufika huko bila taabu. Zaidi ya joto, kitu kilichochapwa huachana kwenye tabaka zake, na mtetemo hutafuta tabaka dhaifu kwa uvumilivu wote. Kwa mota ndogo ya umeme yenye hewa ya kutosha, kipande cha PETG kilicholazwa ili tabaka zisivutwe kuachana kinaweza kufanya kazi. Kwa ndege inayoachwa juani, PLA usiikaribie hata kwa umeme.

Kutoboa ndiko kunakoharibu maunti nyingi, za kununua na za kujitengenezea. Weka injini mahali pake, ibane, kisha tumia biti yenye unene sawa na tundu la sikio kuweka alama tu, si kutoboa. Toa injini, toboa kwa biti ya 2.5 mm kama utakata hesi ya M3, au 3.3 mm kwa M4. Tumia drili ya kusimama. Tundu lililolala upande hulazimisha skrubu kuinama na injini husogea unapokaza. Skrubu za kujikatia hesi kwenye nailoni zinafaa kama hutafungua mara kwa mara. Kama ni mtu wa kufungua, pitisha bolti hadi chini na uweke nati yenye pete ya nailoni.

Ukuta ndio maunti ya kweli

Nimeacha hili hadi sasa, ingawa lingeweza kuja kwanza. Maunti ya alumini juu ya plaiwudi ya 3 mm ni dhaifu kuliko maunti ya nailoni juu ya plaiwudi ya 6 mm. Kwa injini za .40 hadi .60, 6 mm ya plaiwudi ya mti wa bechi (birch) yenye tabaka nyingi ndiyo kawaida. Ile ya 3 mm ziachie injini ndogo za .10 na .15. Kwa petroli, unganisha vipande viwili.

Ukuta ulioungwa kwa kingo zake tu kwenye balsa hushikiliwa na gundi peke yake. Weka vipande vya pembetatu vya mbao nyuma yake, pande zote, kwa epoksi. Kisha toboa kutoka nje, kupitia ubavu wa ndege hadi ndani ya ukingo wa ukuta, na uchomeke vijiti vya mianzi vyenye epoksi, vitatu au vinne kila upande. Kazi hiyo ni ya nusu saa na naihesabu kuwa muhimu kuliko uchaguzi wa maunti yenyewe. Kwa ndege iliyonunuliwa ikiwa imeshajengwa ni muhimu zaidi, maana huoni gundi iliyowekwa ndani.

Bolti za kushika maunti ziingie kwenye nati zenye meno, zilizovutwa kutoka nyuma ya plaiwudi na kupakwa epoksi kwenye kingo ili zisizunguke. Skrubu za mbao hazifai hapa. Washa pana upande wa mbele, na uso wote wa ukuta upakwe epoksi ili methanoli na mafuta yasipenye.

Kabla hujatoboa matundu hayo manne, weka tangi mahali pake na uangalie kabureta. Mstari wa katikati wa tangi uwe sawa na sindano ya kabureta au chini kidogo, si zaidi ya kama sentimita moja. Maunti iliyowekwa chini mno kwa ajili ya kuipendezesha boneti hulazimisha tangi kuwa juu, na injini itakupa mafuta mengi tangi likijaa na machache likikaribia kuisha.

Pembe, na milimita zinazosahaulika

Propela ikizunguka kulia kama inavyoonekana na rubani, ndege huvutwa kushoto: mwitikio wa mzunguko huitaka ijigeuze, na upepo unaozungukazunguka mwilini hugonga upande wa kushoto wa usukani wa wima. Ndiyo maana michoro mingi huelekeza injini kulia nyuzi 2 au 3, na ndege zenye bawa la juu huinamishwa pia kidogo chini.

Hapa maunti ya ukutani ina ushindi mkubwa juu ya mbao, kwa sababu pembe unaipata kwa washa. Washa chini ya bolti za kushoto, kati ya maunti na ukuta, huelekeza injini kulia. Washa chini ya bolti za juu huiinamisha chini. Kama bolti zako ziko umbali wa 40 mm, nyuzi 2 ni washa ya 1.4 mm. Unaruka, unatazama, unabadilisha.

Linalosahaulika ni kwamba injini ikigeuzwa kulia, propela nayo husogea kulia. Kama kutoka ukutani hadi propela ni 100 mm, nyuzi 2 huisogeza 3.5 mm na nyuzi 3 huisogeza zaidi ya 5 mm. Kwa hiyo maunti nzima lazima ihamishwe kushoto kwa kiasi hicho, la sivyo kofia ya propela haitalingana na pua, na boneti uliyoinunua itakuwa imekaa upande. Chora mstari wa katikati ukutani, kisha chora mwingine kushoto kwake, na huo wa pili ndio wa maunti.

Urefu nao utumie. Injini ya masikio inaweza kusogezwa mbele au nyuma kwenye mikono kabla ya kutoboa, na ni zawadi kubwa kwa mizani ya ndege. Injini na sailensa ya gramu 500 ikisogezwa mbele 10 mm hufanya kazi ya gramu 10 za risasi zilizo 500 mm kutoka kwenye kituo cha uzito. Kwa hiyo jenga ndege yote kwanza, weka betri na servo, pima mizani injini ikiwa imelazwa tu juu ya mikono, na uitoboe mwisho kabisa. Injini ya mgongo haina bahati hiyo; kwake ni kubadilisha urefu wa nguzo.

Kama ni umeme

Mota isiyo na brashi haina pistoni, na mtetemo wake ni mdogo sana iwapo propela imesawazishwa. Hapa uchaguzi ni kati ya bapa la msalaba linalokuja na mota, nguzo nne za alumini, au kisanduku cha plaiwudi ya 3 mm. Kisanduku ndicho chepesi na unakikata kwa urefu unaotaka. Nguzo ndizo rahisi kurekebisha pembe. Kwa ndege iliyokuwa ya glo na sasa inageuzwa ya umeme, nguzo zilizofungwa kwenye ukuta uleule wa zamani ndizo chaguo langu, mradi ukuta haujanywa mafuta kiasi cha kulainika. Bonyeza kwa ukucha uone.

Acha njia ya hewa kupita katikati ya mota na kutokea nyuma, kwa sababu kisanduku kilichofungwa pande zote huipika. Na angalia urefu wa skrubu zinazoingia kwenye mgongo wa mota. Ikizidi milimita moja au mbili tu hugusa nyaya za shaba ndani, na mota huungua mara ya kwanza unapoipa nguvu, au mbaya zaidi, mara ya tano. Pima kina cha tundu kwa kijiti, jumlisha unene wa bapa, kisha kata skrubu.